Sahihi ni Nzuri, Lakini ni ya Nani?

Ukituma pesa kwa simu, jina la mpokeaji hukutokea kabla pesa haijaondoka. Ulitaka kumlipa muuza samaki, jina linatokea la mtu mwingine: unasimama. Tabia hiyo hiyo ihamishie kwenye kompyuta.

Tuseme wewe ni fundi hapa Ziwa la Ng'ombe, na mwenye duka amekuomba umwekee programu ya hesabu za malipo. Umepakua msimbo wa programu huria pamoja na faili ya sahihi yake. Umeandika gpg --verify, ukajibiwa sahihi ni nzuri, ila hakuna uthibitisho kwamba ufunguo ni wa mwenye jina hilo. Wengi huruka onyo hilo na kuendelea. Usiruke!

Kwani tatizo ni nini? "Sahihi nzuri" yamaanisha faili haijaguswa tangu itiwe sahihi kwa ufunguo huo. Basi. Ufunguo wenyewe, mtu yeyote aweza kuutengeneza kwa dakika moja na kuupa jina atakalo. Mwaka 2016 zilionekana funguo bandia zenye jina la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na herufi 8 za mwisho zilikuwa sawa na za ufunguo wake halisi.

Kwa hivyo, fanya hivi:

1. Soma alama ya ufunguo yote. Kwa kawaida ina herufi na tarakimu 40. Nane za mwisho hazitoshi.

2. Ilinganishe na chanzo kingine. Ukitoa faili na ufunguo tovuti moja, aliyeivamia tovuti hiyo aweza kuwa amebadilisha vyote viwili.

3. Kama una toleo la zamani, angalia: ni ufunguo ule ule? Ukiwa umebadilika, tafuta tangazo lililotiwa sahihi kwa ufunguo wa zamani.

4. Hazilingani? Usijenge. Waulize kwanza wenye mradi.

Na tusidanganyane: sahihi haipimi nia ya mtu. Mwaka 2024, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya xz yalitiwa sahihi na msimamizi wa mradi mwenyewe, kumbe ndani ameficha mlango wa siri. Kwa hivyo fuatilia pia taarifa za usalama baada ya kujenga.

Mwenye duka hatajua ulilinganisha herufi 40. Yeye ataangalia hesabu zake jioni tu. Lakini ndiye atakayeumia ukiruka hatua hiyo, na jina litakaloharibika mtaani ni lako.