Paka Mgonjwa na Haki Yake kwa Mwenye Nyumba

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema: Limetufikia suala kutoka kwa mama mmoja wa hapa Mombasa, wa Mji wa Kale, naye ametupa ruhusa tulieleze bila ya kumtaja jina. Mama huyu ana paka watatu. Mmoja wao, dume la miaka miwili, aliacha kula, ufizi wake ukawa mweupe, na ngazi alizokuwa akizipanda mbio zikamshinda. Mwanawe akampeleka kwa daktari wa wanyama, akatolewa damu, ikapimwa, wakaambiwa kuwa ana lukemia ya paka.

Khabari ilipotoka nje ikageuka. Wengine wakasema paka ana UKIMWI, wengine wakasema ameingiliwa na jini, na jamaa mmoja akatoa shauri atiwe guniani apelekwe soko la samaki usiku, aachwe huko. Watoto wa jirani wakakatazwa kuingia nyumba ile. Basi mama akatuuliza mambo matatu. Je, mswala aliolalia paka huyu wafaa kusaliwa? Je, ana dhambi akimtoa nyumbani? Na je, ni udhaifu wa imani mtu kumlilia paka?

Wanavyuoni wametufundisha kuwa mtu hahukumu jambo mpaka alijue lilivyo. Kwa hivyo tumekwenda kwanza kwa wenye ilimu ya jambo lenyewe, nao ni madaktari wa wanyama, ndipo tukarudi kwenye vitabu vyetu.

Maradhi haya hayatokani na jini wala na kijicho cha mtu. Yanatokana na kirusi, nacho kilitambuliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow, huko Scotland, walipochunguza nyumba moja iliyokuwa na paka wengi waliopatwa na uvimbe wa saratani. Kirusi hiki huingia mwilini kikafika katika uboho wa mifupa, pahala panapotengenezwa damu. Damu ikapungua, na zile chembe zinazoulinda mwili zikadhoofika. Ndipo paka akaonekana ufizi umempauka, anakonda, homa zampata, kinywa chamvimba, kuhara hakumwishi, na kidonda kidogo ambacho paka mwengine angekilamba kikapona, yeye chamlaza. Wengine hupata uvimbe wa tezi au wa matumbo.

Njia yake ya kuenea ni mate. Paka wakilambana, wakila sahani moja, wakinywa bakuli moja siku baada ya siku, au wakiumana, humwendea mzima kutoka kwa mgonjwa. Na paka mama humwambukiza mwanawe tumboni na katika maziwa. Watoto wa paka ndio wepesi zaidi kushikwa. Nje ya mwili kirusi hiki hakina maisha marefu. Kikikauka hufa kwa muda wa saa chache, na sabuni ya kawaida hukiua.

Na mwanadamu je? Madaktari wamekitazama kirusi hiki kwa zaidi ya miaka sitini, na hawajapata kuona mtu aliyeugua kwa sababu yake. Hiyo khabari ya UKIMWI imetoka kwenye kirusi kingine cha paka, ambacho watu hukifananisha na UKIMWI, nacho pia hakimdhuru mtu. Watu wamesikia nusu ya maneno wakaimaliza nusu ya pili wenyewe, kama ilivyo desturi ya baraza zetu. Basi yule jirani aliyemkataza mwanawe kuingia nyumba ya mwenzake amekata ujirani kwa jambo lisilokuwapo.

Ama suala la mswala, jawabu lake ni jepesi. Kabsha binti Kaab alimwekea mkwewe Abu Qatada maji ya kutawadhia, akaja paka kutaka kunywa, Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha anashangaa, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, naye ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Ndio madhehebu yetu ya Shafii yakashika kuwa paka ni tahiri na makombo yake ni tahiri. Ugonjwa haumgeuzi. Unajisi ni hukumu ya sharia, na maradhi ni jambo la mwili. Asiyetenganisha mawili haya atatia watu katika dhiki. Mkojo wake na damu yake ndiyo najisi, na hiyo ni kwa kila paka, mzima na mgonjwa.

Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa. Chombo kile ambacho sisi twaweza kukitawadhia baada ya paka kunywa, ndicho chombo ambacho paka mwengine akikinywea kila siku aweza kupata maradhi. Tohara ya chombo haimkingi paka wa pili. Mama aliyetuuliza alikuwa akiwawekea paka wake watatu sinia moja, na akijisifu kwa kuwa hawagombani. Leo kila mmoja ana kisahani chake, na mgonjwa ana chumba chake cha juu.

Asidhani mtu kuwa kutenga huku ni ukatili au ni kukosa tawakkul. Abu Huraira, ambaye hiyo kunya yake yenyewe imetokana na kipaka alichokuwa nacho, amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) amemkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa wenye ngamia wazima. Akitenga mtu leo hufuata mafunzo hayo. Lakini kutenga ni jambo moja na kutupa ni jingine. Kumpeleka paka huyu soko la samaki, penye paka mia wanaogombania utumbo wa samaki, ni kuwapelekea wagonjwa wale wazima, na juu ya hayo ni kumwua polepole pasipo mtu kumwona.

Twaingia sasa katika suala la pili. Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, alizitaja haki za mnyama juu ya mwenye kumfuga, na ya mwanzo akaitia kuwa amlishe na kumtunza kama inavyomstahiki, hata kama amezeeka au ameugua kwa namna isiyotarajiwa faida yoyote kutoka kwake. Mwanachuoni huyu hakungoja mtu aulize. Aliwajua watu, na alijua kuwa mkono hufungika pale faida inapokatika. Paka aliyekuwa akituulia panya kwa miaka miwili, akiugua ndipo tunapoona kuwa mlango wa nyumba una upande wa nje.

Nasema haya nikiwa si msafi. Nilipokuwa kijana, paka wa nyumbani kwetu aliota vidonda akawa anatokwa na mate, nikatumwa nikamtupe, nikamtia guniani nikampeleka mbali kwa baiskeli. Sikuuliza. Wakati ule nilikuwa nimekwisha kuisoma hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie, na niliisoma kwa irabu zote. Siku tatu nilimtazamia arudi, na hakurudi.

Mwenye kumfuga paka huyu, basi, afanye nini? Kirusi hiki hakina dawa ya kukiondoa. Hili lisemwe wazi, ili watu wasiuziwe matumaini. Lakini kukosekana kwa dawa si kukosekana kwa matunzo, na paka aliyetunzwa aweza kuishi miezi mingi au miaka, akila na kulala juani. Katika walioingiliwa na kirusi, wako ambao miili yao hukishinda. Wako ambao hujificha ubohoni kisionekane damuni. Na wako ambao hubaki nacho damuni daima, na hawa wengi wao hufa ndani ya miaka mitatu hivi. Kwa hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Paka akionekana nacho leo, arudishwe kupimwa kama daktari atakavyopanga, na aliyekutwa mzima hali amekaa na mgonjwa apimwe tena baada ya mwezi au zaidi, kwani maradhi mapya huenda yasionekane. Si kila daktari ana kipimo hiki. Mtu aulize kabla ya kumbeba paka na kumsumbua njiani.

Paka mgonjwa asitoke nje. Nyumba zetu za zamani, zenye dari na ua wa ndani, zafaa sana kwa jambo hili. Apewe chakula kilichopikwa. Samaki mbichi na matumbo mabichi ya kuku, ambayo ndiyo mazoea yetu, yana vijidudu ambavyo mwili wake hauna nguvu ya kupigana navyo. Achemshiwe samaki, atolewe miba, bila ya viungo. Na hapa nawasihi akina mama: msimmiminie mchuzi. Vitunguu maji na vitunguu thaumu huharibu damu ya paka hata akiwa mzima, seuze huyu ambaye damu ndiyo aliyopungukiwa.

Jambo lililo kubwa kuliko hilo ni vidonge. Mtu huona paka ana homa, akamhurumia, akampa kipande cha panadoli. Dawa hii ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja chatosha kumwua, kwa kuwa huifanya damu yake ishindwe kuchukua hewa, na ini lake likaharibika. Vivyo hivyo dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa. Nyingi zina permethrini, nayo humtetemesha paka mpaka afe. Viroboto waondolewe, kwani hunyonya damu iliyokwisha kuwa chache, lakini kwa dawa ya paka na kwa kiasi alichokisema daktari. Na akionekana kuacha kula siku nzima, au kupumua kwa tabu, apelekwe siku hiyo hiyo. Mzima huvumilia, huyu hana akiba.

Tumeona pia paka aliyefungwa hirizi shingoni, na tumesikia mwengine aliyenyweshwa kombe. Fedha zile zingelitosha kununua kuku wa kumchemshia. Hatuna zaidi la kusema juu ya hili.

Paka wazima wa nyumba hiyo wana kinga, nayo ni chanjo, ambayo iliruhusiwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1985. Chanjo humfaa aliyepimwa akaonekana hana kirusi. Kwa aliyekwisha kushikwa haifanyi kitu. Wala haimkingi mzima kwa ukamilifu, kwa hivyo kutenga kuendelee. Na anayetaka kumpa mwenzake paka kutoka nyumba yenye maradhi haya, amwambie kabla hajampokea. Kunyamaza hapa ni kughushi, na Mtume (s.a.w.) amejitenga na mwenye kughushi, hakusema kuwa ni katika nafaka peke yake.

Lililobaki ni suala la tatu, na hili ndilo lililotushughulisha zaidi, kwa sababu mama yule aliliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aonaye haya.

Anas bin Malik alikuwa na nduguye mdogo akiitwa Abu Umair, naye alikuwa na kijidege akicheza nacho. Kijidege kikafa. Mtume (s.a.w.) alipoingia nyumba yao akamwona mtoto amehuzunika, akauliza ana nini, akaambiwa. Hakusema kuwa ni ndege tu. Alimwita mtoto kwa kunya yake, kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza khabari ya kijidege chake. Ikiwa huyo mwenye kubeba mambo ya umma mzima alipata nafasi ya huzuni ya mtoto kwa ndege, ni nani katika sisi mwenye shughuli nyingi kumliko yeye? Mama huyu ni mjane. Wanawe wako kazini mchana kutwa, na paka ndiye anayesikia akiongea. Alipotuuliza kama kumlilia ni udhaifu wa imani, nilimjibu, «Mama, lia, na umshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuwa moyo wako haujawa jiwe.»

Na wenye paka wagonjwa wanahitajiana. Aliyepitia safari hii ajua daktari yupi mwenye kipimo, ajua namna ya kumpa paka dawa bila ya kuparurwa, na ajua usiku ule ambao paka hali na mwenyewe halali. Ilimu hii ni amana. Katika darasa yetu wamekwisha kujuana watu wanne. Mmoja ana gari, humpeleka mgonjwa wa mwenzake kwa daktari. Mwengine hununua samaki feri, humletea mama yule sehemu. Gharama za daktari zikimlemea mmoja, huchangiana kwa siri, asijue nani ametoa nini. Na paka wa mmoja wao alipokufa, walikwenda kumzikia, wakachimba chini sana mbwa wasimfukue, wakavifua vitambaa vyake na kuviosha visahani kwa sabuni. Aliyeviosha alikaa kitako akalia, wenziwe wakamngoja.

Wametuuliza pia juu ya kumwua paka kwa sindano maumivu yakizidi. Wanavyuoni wa zama hizi wamekhitilafiana. Wako wanaokataza, na wako wanaoruhusu pale ambapo daktari amekata tamaa na mnyama yu katika adhabu. Mimi sitoi fatwa ya jumla. Kila mmoja aje na hali ya paka wake na maneno ya daktari. Kwa sababu ya usumbufu au gharama peke yake, sijaona njia.

Na suala la kuhasi, ambalo madaktari wanalihimiza ili paka asizurure na kuumana, lataka kurasa zake, kwani vitabu vya madhehebu yetu vimelikaza kwa mnyama asiyeliwa, na wako wanavyuoni wa zama hizi waliolegeza palipo na maslaha. Tutalieleza katika toleo lijalo, inshallah.