Amplifaya ya Valvu: Nunua Ndogo, Isukume

Ukiingia dukani kutafuta amplifaya ya gitaa, usipumbazwe na boksi kubwa. Uliza wati. Amplifaya ya valvu hutoa ule mkwaruzo mtamu, ovadraivu, pale inapokaribia kuzidiwa. Ya wati 100 ikifika hapo sebuleni kwako, mwenye nyumba atakuwa ameshabisha hodi.

Nyumbani wati 5 zinatosha na kubaki. Unapiga na mpiga dramu? Chukua 15 mpaka 22: Vox AC15, Fender Blues Junior au Deluxe Reverb. Na wati 30 hazisikiki mara mbili ya 15. Tofauti ni desibeli 3 tu.

Nenda na gitaa lako mwenyewe. Hilo la dukani utaliacha dukani.

Sasa kazi yenyewe. Rudisha geini (kitufe cha mkwaruzo) chini, pandisha masta (sauti ya jumla) juu. Watu wengi hufanya kinyume, kisha wanalalamika kwamba sauti ni nyembamba. Punguza besi, maana besi nyingi ikikutana na mkwaruzo inakuwa uji. Midi, yaani sauti za kati, iache juu. Ndiko gitaa linakoishi.

Piga kodi ya E kwa wepesi, kisha ikandamize. Ongeza geini kidogo kidogo mpaka ukigusa taratibu sauti inatoka safi, ukikandamiza inakwaruza. Hapo simama! Mimi nilikaa mwaka mzima na geini kwenye 9. Siku niliposikiliza rekodi zangu, nilisikia nyuki.

Kisha tumia volyumu ya gitaa. Iweke 6 kwa kusindikiza, 10 kwa solo. Pedali kumi hazikupi hilo.

Ukitaka pedali moja, Tube Screamer ya Ibanez inatosha. Draivu karibu na sifuri, leveli juu, ili iisukume amplifaya. Mkwaruzo wenyewe waachie valvu.

Kama huwezi kufungua sauti kabisa, tafuta atenyueta, kifaa kinachokaa kati ya amplifaya na spika na kumeza sehemu ya nguvu. Ila usiminye kupita kiasi, sauti itapoa.

Ukipata amplifaya ya mtumba kutoka Marekani, igeuze usome volti nyuma. Ikiandikwa 120, kuichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 au 240 ni kuiunguza. Nunua transfoma ya kushusha, yenye uwezo kuzidi wati za umeme zilizoandikwa hapo nyuma, siyo zile za sauti.

Usiwashe amplifaya kamwe bila spika kuchomekwa. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na bei yake inauma.

Valvu ikianza kuzomea au sauti ikififia, usifungue boksi kwa udadisi. Ndani kuna volti 300 na zaidi, na kapasita huweza kushikilia umeme hata baada ya kuchomoa waya. Mpelekee fundi anayezijua valvu.