KARATASI INGALI MBICHI: INAPITA NAMNA GANI KATIKA MASHINI BILA KUPASUKA?



Siku moja ya posho, mwezi uliopita, sisi wa kikundi cha sayansi tulikuwa nyuma ya madarasa, tukijaribu kufanya karatasi kwa mikono yetu. Tulikusanya makaratasi ya mitihani ya zamani, tukayapasua vipande vipande, tukayalaza usiku mzima katika ndobo ya maji, kisha tukayatwanga katika kinu mpaka yakawa kama uji. Uji ule tuliumwaga katika beseni kubwa yenye maji mengi. Tukaingiza ndani kiunzi cha mbao kilichofungwa kipande cha chandarua, tukakiinua polepole. Maji yakaanguka chini, na juu ya chandarua ikabaki karatasi nyeupe, laini, ya kupendeza macho.

Taabu ilianza wakati wa kuiondoa. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili vile vile. Ya sita, mdogo wetu mmoja wa darasa la saba aliishika pembe mbili kwa vidole, akaivuta, ikakatika katikati. Tulimkemea mbele ya wote kwamba ni mtu wa haraka. Tena, kwa kuwa sisi ndio kapita wa shule, tuliandika jina lake katika daftari la adhabu: kuchota maji siku tatu. Hakubishana. Alisema tu: «Yaya, hii karatasi haijakuwa karatasi bado.»

Neno lile lilitukaa kichwani. Tulipomweleza mwalimu wa fizika, alicheka kidogo, akatuambia: «Mumemhukumu mtoto juu ya kosa la maji. Kwendeni kwanza mukasome namna viwanda vinavyofanya.» Tulikwenda, tukasoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. NI KITU GANI KINASHIKA KARATASI PAMOJA?

Karatasi ni nyuzi ndogo sana za mti zilizolala moja juu ya nyingine. Ikiwa kavu, nyuzi zile zinashikana kwa vifungo vya idrojeni, na vifungo hivyo vinafanyika tu maji yanapotoka na nyuzi kukaribiana kabisa. Wakati karatasi ingali mbichi, vifungo hivyo ni vichache sana. Kinachoishika ni kusokotana kwa nyuzi na mvuto wa maji yaliyo kati yao. Chukua vioo viwili vidogo, tia tone la maji katikati, uvifinyange pamoja: utaona vinagandamana. Lakini mvuto ule ni mdogo. Kwa hiyo karatasi mbichi inaonekana kama karatasi, na nguvu ya karatasi haina. Mdogo wetu alisema kweli.

2. HESABU YA MAJI

Katika kiwanda, uji unaoingia kwenye mashini ni karibu maji matupu. Tuseme katika kilo 100 za uji, nyuzi ni kilo 1 na maji ni kilo 99. Tufuate kilo ile moja ya nyuzi.

Kwanza uji unamwagwa juu ya wavu mpana unaozunguka bila kusimama. Maji yanaanguka chini, mengine yanafyonzwa na pampu za kuvuta hewa. Mwisho wa wavu, nyuzi zimekuwa karibu sehemu 20 katika 100. Maana yake kilo yetu imebaki na kilo 4 za maji. Kilo 95 zimekwenda.

Pili, karatasi inapita kati ya magurudumu mazito yanayoikamua pamoja na blanketi nene. Ikitoka pale, nyuzi ni sehemu 40 au zaidi katika 100. Kwa sehemu 40, maji yaliyobaki ni kilo 1 na nusu.

Tatu, inazungushwa juu ya mapipa ya chuma yaliyojazwa mvuke wa moto. Mwisho wake karatasi ina maji karibu sehemu 5 katika 100 tu, ndiyo kusema gramu 50 hivi kwa kilo yetu.

Angalieni jambo hili: mapipa ya moto yanatoa maji machache kuliko wavu, lakini ndiyo yanayokula moto mwingi zaidi. Kila tone linalokamuliwa mapema ni kuni au makaa yaliyookolewa. Mama anayekamua nguo vizuri kabla ya kuzianika anajua hesabu hii bila kalamu.

3. HATARI IKO KWENYE KUVUKA

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Karatasi lazima ivuke kutoka wavu kwenda blanketi, na kutoka blanketi kwenda mapipa. Mashini kubwa za leo zinaweza kupita mita 1.500 kwa dakika, ndiyo kilometa 90 kwa saa, mwendo wa gari kwenye barabara nzuri. Kitu kisicho na nguvu kinavuka kwa mwendo huo namna gani?

Njia ya zamani ni kuivuta hewani kutoka sehemu moja hadi nyingine. Karatasi inanata kwenye wavu, kwa hiyo lazima kivutwe kwa nguvu kidogo ndipo ibanduke. Sehemu ya mbele inapewa mwendo unaozidi wa nyuma kwa kiasi kidogo. Tuseme wavu unakwenda mita 100 kwa dakika. Blanketi likienda mita 99, kila dakika mita moja ya karatasi inabaki bila kazi. Dakika kumi, mita kumi zimejikunja na kuchafuka. Blanketi likienda mita 102, karatasi inanyoshwa kidogo na kubaki sawasawa. Likizidi mno, inakatika. Ni kama watu wawili wanaopandisha chukudu yenye mzigo, mmoja akivuta kamba mbele: kamba ikilegea hamsaidii mwenzake, akiikurupusha inakatika, na mzigo unarudi chini na wote wawili.

Njia ya pili ni nzuri zaidi: karatasi mbichi isiachwe peke yake hewani. Blanketi linashushwa mpaka liguse karatasi ingali juu ya wavu. Nyuma ya blanketi kuna gurudumu lenye matundu, na ndani yake hewa inavutwa. Karatasi inahama kutoka wavu kwenda blanketi bila kuvutwa kwa pembe, ikiwa imebebwa upana wake wote. Mashini za mbio hutumia njia hii.

4. IKIKATIKA JE?

Inakatika hata hivyo. Sababu ni nyingi: donge katika uji, tundu dogo, ute unaoota katika mabomba na kuanguka juu ya wavu, ukingo uliochanika, mwendo usiolingana. Mashini haizimwi kwa ajili hiyo. Karatasi inaachwa ianguke katika shimo lililo chini, inarudishwa kuwa uji, hakuna kinachotupwa. Kisha mshipa mwembamba wa maji makali unakata utepe ukingoni mwa karatasi. Utepe ule peke yake ndio unaopitishwa, kwa kupulizwa na hewa au kushikwa kati ya kamba mbili zinazozunguka mpaka mwisho wa mapipa. Ukifika salama, mshipa wa maji unasogea polepole kuvuka upana wote, na utepe unapanuka mpaka karatasi nzima inafuata.

Mkono wa mtu usikaribie pale magurudumu mawili yanapokutana. Magurudumu hayajui karatasi na kidole.

5. WALIOTUTANGULIA

Mfaransa Louis-Nicolas Robert alipata hati ya mashini ya kwanza ya karatasi mwaka 1799, huko Essonnes. Uingereza, ndugu wawili Fourdrinier walitoa mali yao na fundi Bryan Donkin akaitengeneza vizuri zaidi; walifilisika, lakini jina lao limebaki juu ya mashini hiyo mpaka leo. Mapipa ya mvuke yalikuja baadaye: Mwingereza Thomas Crompton alipata hati yake mwaka 1820.

Katika Afrika yetu ya Mashariki, kiwanda cha Webuye, Kenya, karibu na mto Nzoia, kilianza kazi mwaka 1974. Kilifungwa mwaka 2009, na mji mzima uliona njaa ya kufungwa kwake, kabla wenye mali wapya hawajakichukua. Tanzania nayo ilijenga kiwanda huko Mgololo, wilaya ya Mufindi, katika miaka ya 1980. Kinafanya karatasi ngumu ya rangi ya kaki, ya namna ile ya mifuko ya simiti.

6. TULIVYOFANYA TENA

Mfuko wa simiti ndio uliotufungua macho. Karatasi yake inatoka kwa miti ya misonobari yenye nyuzi ndefu, na nyuzi ndefu zinasokotana vizuri zaidi hata katika maji. Karatasi za mitihani zina nyuzi fupi, tena sisi tulikuwa tumezitwanga. Tukachukua tabaka safi la ndani la mfuko, tukaliosha, tukalichanganya na uji wetu. Kisha hatukugusa karatasi kwa kidole. Tulilaza kipande cha blanketi juu yake, tukaviringisha chupa huku na huku, tukageuza vyote, tukainua chandarua polepole. Karatasi ilibaki juu ya blanketi, nzima.

Aliyeinua chandarua ni yule yule wa darasa la saba. Kabla ya kumpa kazi ile, tulikata jina lake katika daftari la adhabu mbele ya wale wale waliosikia kemeo letu, tukamwomba msamaha. Siku moja ya kuchota maji alikuwa amekwisha kuifanya. Hiyo hatukuweza kuifuta, basi tulichota sisi siku tatu zote.

Wenzetu makapita mutakaotufuata, kumbukeni: kabla ya kuuliza ni nani aliyepasua, ulizeni kitu kilikuwa na nguvu gani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ikiwa nyuzi ni sehemu 25 katika 100, kilo 1 ya nyuzi ina maji kilo ngapi?
2. Wavu unakwenda mita 300 kwa dakika na blanketi mita 297. Baada ya dakika 5, mita ngapi zimelegea?
3. Kwa nini karatasi iliyokauka, ukiilowesha tena, inapoteza nguvu?

Majibu yaletwe kwa kapita kabla ya siku ya posho.

Kapita wa shule, mwaka wa mwisho, Murara