Kukaa Pamoja kwa Shauri Moja: Mazingatio ya Kisauni



Katika darasa zetu za usiku limezuka suali ambalo twaona halifai kujibiwa kwa neno moja. Baadhi ya vijana wenye ahali zao, waliochoka kuhama nyumba hii kwenda nyumba ile kila kodi ipandapo, wataka kuchanga fedha wanunue shamba upande wa bara, wakae pamoja wao na watoto wao kwa masharti waliyokubaliana: kisima kimoja, chuo kimoja, duka moja la shirika, na jirani ajulikanaye. Wauliza: Je, jambo hili limepata kufanywa? Na lilipofanywa, lilikwendaje?

Limefanywa, tena si mbali. Avukaye daraja la Nyali kwenda Kisauni humsikia utingo akinadi “Kengeleni”, na wengi wetu hushuka hapo miaka nenda miaka rudi wasiulize ni kengele ya nani. Ni kengele ya Frere Town, mji uliokusudiwa, uliopangwa na kujengwa kwa shauri la watu kabla ya kuwapo mwenyeji wake hata mmoja.

Mwaka 1873 Sayyid Barghash bin Said alikubaliana na Waingereza kufunga masoko ya watumwa na kuzuia kusafirishwa kwao baharini. Mjumbe aliyekuja Unguja mwaka huo kulisukuma jambo hili alikuwa Sir Bartle Frere, aliyepata kuwa gavana wa Bombay. Mkataba ukazaa mashaka mapya. Manowari zikikamata majahazi, watu waliomo wapelekwe wapi? Wengi walitoka pande za ziwa Nyasa, Wayao na Wamakua na wengineo, na njia ya kurudi kwao ilikuwa ni ile ile waliyoletewa. Basi chama cha kimisheni cha Church Missionary Society, ambacho kilikuwako Rabai tangu siku za Krapf na Rebmann mwaka 1846, kikamtuma padri William Salter Price, akafika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874. Mwaka 1875 shamba likanunuliwa Kisauni, na mji ukapewa jina la Frere.

Dini ya mji ule si yetu, wala si kusudi letu kuusifu kwa hiyo. Lakini muungwana hujifunza hata kwa jirani asiyekuwa wa dini yake, na lililo kweli hatuna haki ya kulificha. Wazee wa mji wetu wa kisiwani ndio waliokuwa wenye watumwa. Mwaka 1880 palikuwa na vitisho vya kuivukia Frere Town kwa silaha, kwa kuwa watoro walikuwa wakikimbilia huko. Kengele iliyokuwa ikiwaita watu kusali ndiyo iliyokuwa ikiwapa khabari ya khatari, na khatari hiyo ilikuwa ni sisi. Asomaye tarikhi ya Kisauni na aisome yote.

Sasa tutazame jinsi mji ule ulivyokwenda. Watu waliowekwa pale hawakujuana. Lugha zao zilikuwa mbalimbali, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Waliopewa kazi ya kuwafundisha na kuwaongoza walikuwa ni Waafrika waliosomeshwa Bara Hindi, katika kijiji cha Sharanpur karibu na Nasik, ambao wao wenyewe waliokolewa utotoni katika majahazi. Hawa waliitwa “Waafrika wa Bombay”. Mmoja wao alikuwa William Jones, aliyefuatana na Askofu Hannington mwaka 1885 katika safari ambayo Askofu hakurejea. Mwengine ni Ishmael Semler. Mwengine ni George David. Walikuwa mafundi, waalimu na wafasiri, na lau si wao mji usingalisimama. Pamoja na hayo, heshima na mshahara wa Mzungu havikuwa vyao, na jambo hili likawauma sana.

Kilichoutia mji ule ila kubwa ni hiki: hapakuwa na shauri. Mwenye amri alikuwa ni msimamizi aliyetumwa kutoka Uingereza, na ardhi ilikuwa kwa jina la misheni. Zama za msimamizi J. R. Streeter watu waliotoka utumwani walipigwa viboko na kufungwa, hata mwaka 1881 mambo yake yakachunguzwa, wala hakudumu katika kazi baada yake. Fikirini: mtu amevuliwa mnyororo baharini, kisha akatandikwa fimbo katika mji uliojengwa kwa ajili ya uhuru wake! Twaona sababu yake si ubaya wa mtu mmoja tu. Mji ambao wenyeji wake hawana neno katika kumweka mkubwa wao wala kumwondoa, hutegemea bahati: akija mwema ni wema, akija mkali ni mashaka.

Watoro wengine walijaribu njia nyengine. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, walijijengea kijiji chao wenyewe karibu na mwaka 1880, wakalima, wakajilinda. Mwaka 1883 kiongozi wao, David Koi, akauawa. Ama wale waliokimbilia misheni, Rabai hasa, jambo lao lilimalizwa kwa fedha: Kampuni ya Kiingereza ya wakati huo, chini ya George Mackenzie, iliwalipa wenye watumwa kiasi cha riale 25 kwa kila mtoro, na watoro wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru tarehe 1 Januari 1889. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907.

Mtu atasema: hao waliwekwa pamoja na mashaka, sisi twajikusanya kwa hiari yetu. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Basi tutazame waliojikusanya kwa hiari. Kule Songea, kusini ya Tanganyika, mwisho wa mwaka 1960, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianza kijiji cha Litowa. Walilima pamoja, wakagawana mazao, wakaketi barazani kila mara kuamua mambo yao, mwanamke akisema na mwanamume akisema. Vijiji vyengine vikafuata, na mwaka 1963 vikafunga shirika, Ruvuma Development Association. Shirika lilikuwa na kinu cha kusaga na mashine ya kupasua mbao, na skuli ya Litowa ikasifiwa kote. Mwalimu Nyerere aliwapenda na kuwatolea mfano. Pamoja na mapenzi yale, Septemba 1969 chama tawala kikalivunja shirika na kuzichukua mali zake.

Frere Town ilikuwa na ardhi isiyokuwa na shauri. Litowa ilikuwa na shauri, lakini mali yake ilikuwa yaweza kuchukuliwa kwa amri moja. Basi vijana wetu, kabla ya kuzungumza rangi ya milango, na wajibu suali hili: ardhi itakuwa kwa jina la nani?

Hapa watu wa Mombasa tuna ilimu ambayo wengine hawana, ingawa tumeipata kwa uchungu. Twajua nyumba ni kitu kimoja na ardhi ni kitu chengine. Kisauni, Likoni na Changamwe zimejaa nyumba za Kiswahili ambazo mwenye nyumba hana ardhi. Hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye shamba, na nyumba yake aweza kuipangisha, kuiuza na kuirithisha. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mdai aje aandikishe dai lake, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Serikali. Wengi waliokuwa wakiishi na kulima humo hawakuandikishwa. Kutoka huko ndiko kulikokuja nyumba nyingi zilizo juu ya ardhi ya mtu asiyeonekana.

Lakini mpango huo huo, mwenye shamba akiwa ni kundi lenyewe, hugeuka ukawa ngao. Ardhi ikae pamoja isiuzwe. Nyumba iwe ya mwenyewe. Jambo hili limefanywa Voi, katika mtaa wa Tanzania-Bondeni, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wenyeji wa mtaa ule walionyeshwa njia mbalimbali za kumiliki wakachagua kuiweka ardhi katika amana moja. Wakawa na vyombo viwili: jumuiya ya wakaazi, na wadhamini wenye kuishika ardhi. Nyumba ni ya mtu, ardhi ni ya wote. Hata huko hawakukosekana waliotamani hati ya mtu mmoja mmoja, kwani hati huwekwa rehani benki, na amana haiwekwi.

Kwa Waislamu chombo hiki si kigeni, ni wakfu. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakitolewi zawadi wala hakirithiwi. Faida yake huonekana siku ya msiba. Mmoja katika wanachama 20 akifa akaacha mke na watoto sita, na kila kitu kikiwa ni milki yake, warithi watataka mafungu yao, na fungu la shamba likigawanywa mara saba litauzwa kwa mtu wa nje kabla eda haijaisha. Ardhi ikiwa ni wakfu, mirathi itapita katika nyumba tu, kama ipasavyo, na shamba halitaguswa.

Wala wasitegemee kwamba shufaa itawalinda nyumba ikiuzwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi shufaa ni ya mshirika katika mali isiyogawanywa, si ya jirani; Mahanafi ndio wampao jirani. Nyumba zikiwa mbalimbali, haki ya kundi kununua kwanza haiji yenyewe. Sharti iandikwe katika mapatano, pamoja na muda wa kungoja na njia ya kuikadiria bei.

Na wakfu una maradhi yake, ambayo kila mtu wa mji huu ameyasikia: mutawali akae mpaka asahau kuwa ni mutawali. Basi hati yenyewe iseme atakaa miaka mingapi, atatoa hesabu lini, na nani amuondoaye. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 haikuwekewa watu wanunuao shamba la hati kama hawa wetu, lakini ina kipimo kizuri cha kuiga: kamati ya watu 7 mpaka 15, na ardhi haitolewi ila kwa kauli ya thuluthi mbili za walioandikishwa. Twapenda wanawake waandikishwe kwa majina yao, si kama ahali ya fulani. Mume akifa au akitoa talaka, ndipo hujulikana nani hakuandikwa.

Imebaki ardhi yenyewe. Upande wa bara hapana shamba tupu. Shamba la Waitiki huko Likoni, ekari 930, lilikuwa na mwenyewe kwenye karatasi na maelfu ya watu juu ya udongo, hata Serikali ikalinunua na kuanza kutoa hati kwa wakaazi Januari 2016. Kwa hiyo wasitoe amana ya mwanzo kwa kuonyeshwa hati tu. Waende afisi ya ardhi waitafute hati hiyo katika daftari; kisha waende shambani mara mbili, mara ya kwanza pamoja na mpimaji, mara ya pili bila dalali, asubuhi, wakaulize wenye vibanda wamekaa tangu lini na kwa idhini ya nani. Na waulize khabari ya minazi, mmoja mmoja. Pwani yetu mti aweza kuwa na mwenyewe, na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwengine.