Mshahara Ukiingia, Jipe Muda na Shahidi

Mdogo wangu, wewe uliyeniuliza kwa nini mshahara wa kiwanda cha EPZ unaingia Ijumaa na kufikia Jumapili jioni unakopa nauli ya kutoka Kitengela hadi Athi River: hujalaaniwa, na hesabu unaijua. Kina dada wengi wa Noonkopir ninaoongea nao wanaweza kukutajia kodi, karo na bei ya unga bila kushika kalamu. Fedha zinapotelea kwenye zile dakika chache baada ya ujumbe wa M-Pesa kulia, ukiwa umechoka, na simu iko mkononi.

Watakwambia ujikaze. Mimi sikwambii hivyo. Kujikaza kunawezekana asubuhi, umelala vizuri na chai umekunywa. Saa tatu usiku, baada ya kuinamia cherehani kutwa na kukwama kwenye foleni ya barabara ya Namanga, nguvu hizo zimekwisha, na ndipo muuzaji wa TikTok anapoanza kuonyesha magauni.

Hebu tazama mambo ya ardhi hapa kwetu Kajiado. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Kuwa na hati kwa jina lako ni jambo jema. Lakini hati ya mtu mmoja inaweza pia kuuzwa na mtu mmoja, alasiri moja tu, mbele ya mnunuzi aliyekuja na fedha taslimu. Ziko familia zilizoamka zikakuta vigingi vya mgeni malishoni, na mama wa boma hakuwa ameambiwa lolote. Ndiyo maana naipenda ile sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inayotaka mwenzi akubali kabla nyumba ya ndoa haijauzwa, na ndiyo maana naiheshimu Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo shamba la kilimo lazima lipite mbele yake. Kusubiri siku ya kikao, kisha mke kuulizwa mbele ya watu kama anajua na anakubali, kunaweza kuokoa shamba. Si lazima mzee mwenye hati awe amegeuka mtu mwingine. Amepewa muda na shahidi tu.

Nawe jipe hivyo hivyo, dadangu.

Muda kwanza. M-Shwari ina akaunti ya kufunga akiba, na ukitaka kuitoa kabla ya tarehe uliyojiwekea unasubiri saa 48. Mwingine anaiona kero. Mimi naona saa hizo ndizo faida yenyewe, maana hamu ya gauni haidumu siku mbili. Funga fedha za kodi siku ile ile mshahara umeingia, kabla hujapita sokoni. Kitu ulichokitamani kiandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Jumapili mbili zikipita na bado unakitaka, kinunue bila aibu. Sijasema uishi bila raha.

Fuliza ndiyo inayonisumbua zaidi. Tangu Januari 2019 inakuruhusu kulipa hata salio likiwa halitoshi, kisha inatoza ada, siku baada ya siku, na shilingi ya kwanza kuingia inachukuliwa kabla hujaigusa. Kwa mgonjwa usiku wa manane, sawa. Kwa chipsi na viatu, hapana. Ukishamaliza deni, jitoe. Na kama ni kubeti kunakokumaliza, omba akaunti ifungwe na ufute programu leo, usisubiri mkeka wa mwisho.

Kuhusu shahidi, watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vyama vya kuchangiana, magharibi mwa Kenya, kisanduku cha chuma chenye kufuli cha kuwekea akiba ya afya, na ufunguo wakawaachia wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: matumizi yao kwa vitu vya kinga, kama neti za mbu, yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Wangeweza kukifungua saa yoyote! Lakini fedha zilikuwa na jina na mahali pake, na kisanduku kikawa kama shahidi: ikawa rahisi kumwambia hata ndugu kwamba hizo zina kazi. Chama chako kinaweza kukufanyia kazi hiyo ya ushahidi. Chagua mwanachama mmoja asiye na maneno mengi, mwonyeshe taarifa yako ya M-Pesa kila mwisho wa mwezi.

Nanyi mlioniandikia kuhusu waume wanaobeti, nitawajibu kwa marefu toleo lijalo. Kwa sasa, usichukue mkopo kwa jina lako kumlipia deni, hata akikuapia kwamba ni mara ya mwisho, na kitambulisho chako na namba ya siri ya simu vikae kwako.