ELIMU KWA UMMA: Kabla Machimbo Hayajafunguliwa, Uliza Maji Yataelekea Wapi

Mvua ikinyesha Isiolo, laga iliyokuwa kavu asubuhi yaweza kufurika jioni. Maji hayo hubeba kila kilicholegea njiani. Palipo na machimbo ya mawe, changarawe, mchanga au madini, udongo uliofukuliwa husombwa hadi kwenye mabwawa ya mifugo na mwishowe mto Ewaso Ng'iro, unaopita Merti kuelekea kinamasi cha Lorian. Bwawa lililojaa tope huhifadhi maji machache, na kiangazi kinapoanza mfugaji ndiye wa kwanza kuhisi.

Somo la toleo hili linaeleza namna sheria inavyodhibiti maji yanayotoka machimboni, na nafasi ya mwananchi kabla leseni haijatolewa.

Tope huzuiwaje?

Kazi ya kwanza ni kuzuia maji safi yasiingie machimboni. Mitaro huchimbwa upande wa juu ili maji ya mvua yazunguke eneo la kazi. Kazi ya pili ni kukusanya maji machafu katika bwawa la kutuamisha tope kabla hayajaachiliwa. Mchanga laini huzama mita moja kwa dakika chache tu, lakini chembe za udongo wa mfinyanzi huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo bwawa dogo lililochimbwa kwa haraka hukamata mchanga na kuachilia tope.

Machimbo ya makaa ya mawe yana hatari nyingine. Mawe yenye salfa yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, nayo asidi huyeyusha madini kama chuma na kuyaingiza mtoni. Isiolo haina mgodi wa makaa ya mawe, lakini Kenya inayo hazina yake katika Bonde la Mui, Kaunti ya Kitui. Sheria za mazingira na maji zinazohusu mgodi kama huo ndizo zinazohusu machimbo ya hapa kwetu.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla ya kazi kuanza, na ukaguzi uendelee baadaye. Msimamizi wake ni mamlaka ya NEMA. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka kiwango cha juu cha miligramu 30 za chembe ngumu katika kila lita ya maji yanayoachiliwa. Pia zilikataza ujenzi na shughuli za maendeleo karibu na mto, kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingoni, kulingana na kiwango cha juu cha mafuriko.

Sheria ya Maji ya 2016 inamtaka anayemwaga uchafu katika chanzo cha maji awe na kibali cha mamlaka ya WRA. Sheria ya Madini ya mwaka huohuo inamtaka mwenye leseni azuie sumu isipenye kwenye vijito na mito, na airejeshe ardhi katika hali nzuri anapomaliza.

Siku ya mvua kubwa

Mpango wa maji hupimwa siku ya mvua kubwa. Nchini Marekani, kanuni za migodi ya makaa ya mawe hutaja hata ukubwa wa mvua: ile ya saa 24 inayotarajiwa mara moja kwa miaka 10. Nasi tuulize ripoti inayoletwa kwetu imepiga hesabu ya mvua gani.

Maoni yako yana uzito

Mnamo 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe kule Lamu. Sababu moja kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ihimize ushiriki huo.

Unapoitwa kwenye baraza kuhusu machimbo, uliza:

1. Maji ya mvua yatatoka wapi na kuingia laga gani?
2. Bwawa la tope lina ukubwa gani, na nani ataliondoa tope likijaa?
3. Nani atapima maji, mara ngapi, na matokeo yatasomwa wapi?
4. Mifugo itanywa wapi kazi ikiendelea?
5. Mashimo yatafukiwa lini, na kwa pesa za nani?

Andika maoni yako na uyawasilishe kwa NEMA ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo, ukibaki na nakala. Ukiona maji yamebadilika rangi chini ya machimbo, andika tarehe na mahali, piga picha, kisha ujulishe NEMA, WRA au jumuiya ya watumiaji maji ya eneo lako. Asiyeridhika na uamuzi wa leseni ana siku 60 za kukata rufaa mbele ya Jopo hilo.