Fluoresensi na Fosforesensi: Tatizo la Neno Moja kwa Dhana Mbili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna ya kuzitaja kwa Kiswahili dhana mbili za kikemia: fluoresensi na fosforesensi. Njia iliyo rahisi ni kuziita zote mng'ao. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba neno hilo linaficha tofauti ambayo ndiyo msingi wa utafiti wa kampaundi za oganiki zitoazo nuru.

2.0 Dhana zenyewe

Dhahabu hung'aa kwa kuakisi nuru. Jua hung'aa kwa joto lake. Molekuli inayohusika hapa haifanyi lolote kati ya hayo. Elektroni yake hupandishwa kwenye kiwango cha juu cha nishati, na ikishuka hutoa nuru. Katika fluoresensi elektroni hushuka bila kubadili spini, na aghalabu nuru hutoka baada ya nanosekunde chache. Katika fosforesensi spini hubadilika, na nuru hukawia zaidi.

3.0 Athari ya kuzichanganya

Mwaka 1987, Tang na VanSlyke wa kampuni ya Eastman Kodak walieleza kifaa cha tabaka nyembamba za oganiki kilichotoa nuru kwa umeme usiofikia volti 10. Hata hivyo, umeme huziweka takribani asilimia 25 tu ya hali za msisimko katika singleti. Asilimia 75 huwa tripleti. Fluoresensi ya kawaida hutumia singleti peke yake. Mwaka 1998, Baldo, Forrest, Thompson na wenzao walitumia kampaundi ya platini yenye fosforesensi ili kuzivuna tripleti pia. Msomaji anayeambiwa kwamba mng'ao ulichukua nafasi ya mng'ao hawezi kuelewa kilichovumbuliwa.

4.0 Pendekezo

Inapendekezwa kwamba nomino hizi zikopwe. Stokes, aliyebuni jina la fluoresensi mwaka 1852, alilitohoa kutokana na jina la madini. Kwa kuwa hata huko lilikotoka jina halielezi chanzo cha nuru, Kiswahili hakipotezi maana kwa kulikopa.

Vitenzi, kinyume chake, havihitaji kukopwa. Kuwaka kumekwisha kupanuka kimaana, kwani taa ya umeme huwaka pasipo moto. Mfano ni vitambuzi vya kikemia vya aina iliyoendelezwa na A. P. de Silva huko Belfast. Sehemu moja ya molekuli hunasa ioni, nyingine hutoa nuru. Ioni isipokuwapo, elektroni huhama kutoka sehemu ya kwanza na kuizima ya pili. Ioni ikinaswa, uhamaji huo huzuiwa na molekuli huwaka. Maelezo haya yamekamilika bila kukopa kitenzi hata kimoja.

5.0 Hitimisho

Ukopaji na upanuzi wa maana si mbinu shindani. Jina likopwe panapohitajika kutenga dhana. Tendo lielezwe kwa vitenzi ambavyo wazungumzaji tayari wanavyo.